Balansi ya umeme inapima nini hasa? Dhahabu, vumbi na tarakimu mjini Bukavu

Vumbi la dhahabu linalofika Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutoka machimbo ya Kamituga, Misisi au Shabunda huwa limepimwa mara kadhaa njiani. Mama mtwangaji wa mawe ya dhahabu amelikadiria kwa jicho kabla ya kulifunga kwenye karatasi. Mnunuzi wa karibu na shimo amelipima kwa mizani ndogo ya sahani mbili. Likifika mjini linawekwa juu ya balansi ya umeme, na tarakimu zinawaka kwenye kioo. Kila kipimo kina jibu lake, na kila tofauti kati ya jibu na jibu kuna mtu anayeilipa kutoka mfukoni mwake. Mara nyingi ni yule aliyeko chini kabisa ya ngazi.

Balansi za umeme sasa zinapatikana kila mahali, kuanzia zile za mfukoni zenye ukubwa wa simu hadi zile zenye sanduku la vioo. Wauzaji wengi wamezipokea kwa furaha, maana wanaamini mashine haina ndugu wala rafiki, kwa hiyo haidanganyi. Imani hiyo ni nusu tu ya ukweli. Mashine haina nia mbaya, lakini haijui uzito. Inajua kile ilichofundishwa, na swali la kuuliza ni nani aliyeifundisha, wapi, na kwa jiwe gani la mizani.

Tuanze na mizani ya zamani, kwa sababu bila kuielewa hatuwezi kuelewa tulichokipata na tulichokipoteza. Mizani ya sahani mbili inalinganisha. Dhahabu upande huu, jiwe la mizani upande ule. Mkono ukilala sawa, vitu hivyo viwili vina uzito mmoja. Mvutano wa dunia unavuta pande zote mbili kwa nguvu ileile, kwa hiyo mizani hiyo haijali iko wapi. Ipandishe milimani, ishushe Uvira, ipeleke Ulaya: jibu ni lilelile. Udhaifu wake ulikuwa mahali pengine. Ukingo unaobeba mkono huliwa na kutu na vumbi. Mawe yenyewe yalikuwa na mashaka: sarafu kuukuu iliyosuguliwa na miaka, au kijiti cha kiberiti kinachohesabiwa kama sehemu ya kumi ya gramu, ingawa mti hunywa unyevu wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi. Hata tola, kipimo chenye asili ya India ambacho bado kinatajwa na wafanyabiashara wa Kivu na ambacho ni gramu 11.66, kina maana tu ikiwa jiwe lililoandikwa tola ni tola kweli.

Lakini mizani hiyo ilikuwa na jambo moja kubwa ambalo balansi ya umeme haina: iliweza kujishtaki yenyewe. Ukishuku kwamba mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, unabadilisha tu. Dhahabu inahamia sahani ya kulia, jiwe linahamia ya kushoto. Tuseme upande mmoja ulisoma gramu 10.2 na upande wa pili ukasoma 9.8, hapo umeikamata, na uzito halisi uko katikati, karibu gramu 10 kamili. Mtu asiyejua kusoma aliweza kufanya jaribio hilo mbele ya mnunuzi, bila kuomba ruhusa ya fundi yeyote. Balansi ya umeme ina sahani moja. Hakuna cha kubadilisha.

Sasa tuifungue. Chini ya sahani ya balansi nyingi za bei ya kawaida kuna kipande cha alumini, kirefu kama kidole, kilichofungwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Ukiweka mzigo kinapinda, kama ubao wa kuvukia mfereji unavyopinda ukiukanyaga, ila kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Juu ya alumini hiyo kumegandishwa nyuzi nyembamba za metali. Alumini ikipinda nyuzi zinavutwa, zinakuwa nyembamba zaidi, na umeme unapita kwa shida zaidi. Badiliko hilo dogo la umeme ndilo linalopimwa na kugeuzwa kuwa tarakimu. Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, waligundua kihisi cha aina hiyo kila mmoja kwa njia yake mwaka 1938, na hadi leo ndicho kinachopima malori ya saruji na ndicho kinachopima pete za harusi.

Kuna aina ya pili, ya gharama kubwa, inayotumiwa katika maabara. Hiyo hairuhusu sahani kushuka. Mzigo ukitaka kuisukuma chini, sumaku ya umeme inaisukuma juu hadi irudi mahali pake, na mashine inahesabu umeme uliohitajika. Kwa kuwa hakuna metali inayopinda na kuchoka, aina hii hutulia haraka na hurudia jibu lake kwa uaminifu zaidi.

Aina zote mbili zinafanana kwa jambo moja: hazipimi kiasi cha dhahabu, zinapima nguvu ambayo dhahabu inasukuma nayo chini. Nguvu hiyo inategemea mvutano wa dunia, na mvutano huo si uleule kila mahali. Dunia imevimba kidogo kwenye ikweta, nayo inazunguka, kwa hiyo vitu karibu na ikweta vinavutwa kidogo pungufu kuliko kule kaskazini. Kupanda mlima nako kunapunguza. Bukavu ina sifa zote mbili: iko karibu sana na ikweta, na iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Paris mvutano ni karibu 9.81 kwa kipimo cha wanafizikia. Hapa kwetu ni karibu 9.78.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi uweke dhahabu juu yake. Balansi iliyorekebishwa Paris na kutumiwa Bukavu bila kurekebishwa upya itasoma pungufu kwa takriban asilimia 0.3. Gramu 100 halisi zitaonyeshwa kama 99.7. Mwezi Oktoba 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4,000 kwa wakia moja, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, yaani zaidi ya dola 128 kwa gramu. Zile gramu 0.3 zilizopotea hewani ni zaidi ya dola 38, na hakuna aliyeiba. Balansi iliyorekebishwa kusini mwa China hupotoka kwa kiasi kidogo zaidi, karibu asilimia 0.1, kwa sababu kule nako mvutano ni pungufu kuliko Ulaya. Lakini angalia upande linakoelekea kosa hilo: katika hali zote mbili balansi inasoma pungufu. Mnunuzi anayenunua kwa mashine ambayo haijarekebishwa hapa anafaidika kila siku, pengine bila kujua. Muuzaji anapoteza kila siku, na kwa hakika hajui.

Dawa yake ni rahisi na ya zamani kuliko umeme: jiwe. Karibu kila balansi ina kitufe kilichoandikwa CAL. Ukikibonyeza, mashine inaomba uzito fulani, tuseme gramu 100. Unaweka jiwe la gramu 100, na mashine inajifunza kwamba kupinda kwa kiasi hiki, hapa, leo, maana yake ni gramu 100. Kuanzia hapo haijalishi ilitengenezwa wapi. Mvutano wa Bukavu umeshaingia ndani ya hesabu.

Na hapohapo ndipo mlango wa wizi ulipo. Mashine inaamini jiwe lolote. Mtu akichukua kipande cha chuma cha gramu 102, akakiweka na kuiambia mashine kwamba hiki ni 100, mashine itakubali bila kulalamika. Kuanzia dakika hiyo kila gramu 102 za dhahabu zitaonyeshwa kama 100. Kazi yote haichukui hata dakika moja, haihitaji bisibisi, haiachi alama, na tarakimu zitawaka kwa uzuri uleule. Ndiyo maana nasema mahali pa kuweka imani pamehama. Zamani ulichunguza mkono wa mizani. Sasa unachunguza jiwe.

Mawe ya mizani yana madaraja yanayotambulika kimataifa, yaliyowekwa na shirika la vipimo vya kisheria linalojulikana kama OIML. Daraja huandikwa kwa herufi na namba: E1 na E2 ni za maabara kuu, F1 na F2 ni za kazi nyeti, M1, M2 na M3 ni za biashara. Jiwe la gramu 100 la daraja la M1 linaruhusiwa kukosea miligramu 5 tu; la F2 linaruhusiwa miligramu 1.6. Kwa balansi inayoonyesha mpaka gramu 0.01, jiwe la M1 linatosha kabisa. Lile jiwe dogo linalokuja bure ndani ya boksi la balansi ya mfukoni, lisilo na daraja wala cheti, mimi nisingelitegemea kuuzia jasho la mtu. Na jiwe zuri nalo linataka adabu: halishikwi kwa vidole vitupu, maana mafuta na jasho hubaki juu yake, haliwekwi mfukoni pamoja na funguo, likianguka juu ya saruji na kumeguka, limekwisha kazi.

Kosa lingine linatokana na kuhesabu tarakimu. Mtu anaona balansi yenye tarakimu tatu baada ya nukta, na ya jirani yenye mbili, anasema ya kwanza ni bora. Tarakimu ya mwisho inaonyesha tu jinsi mashine inavyokata hesabu zake vipande vidogo. Haikuhakikishii kwamba vipande hivyo ni vya kweli. Balansi zilizoidhinishwa kwa biashara huwa na kibandiko chenye herufi mbili: d, ambayo ni hatua ndogo kabisa inayoonyeshwa, na e, ambayo ni hatua ambayo sheria inaikubali. Kwenye balansi nyingi nzuri e ni kubwa mara kumi kuliko d. Maana yake mtengenezaji mwenyewe anakiri kwamba tarakimu ya mwisho ni ya kusaidia jicho tu. Balansi ya mfukoni mara nyingi haina e popote. Ukitaka kuijua tabia yake, weka jiwe lilelile katikati ya sahani, ondoa, weka tena, mara tano au sita, kisha uliweke pembeni, kona baada ya kona. Ikitoa majibu matano tofauti, tarakimu zake tatu hazina maana.

Lakini kuna jambo moja ninalotaka kila mama anayeuza vumbi alijue kuliko yote, kwa sababu linaathiri dhahabu ya vumbi na haliathiri kipande kizima. Balansi za umeme zina tabia ya kujirudisha kwenye sifuri zenyewe. Joto likibadilika au chembe ya uchafu ikitua juu ya sahani, tarakimu zingeanza kutambaa: 0.01, 0.02. Ili kuzuia hilo, programu ya ndani inasema: badiliko dogo la polepole karibu na sifuri si mzigo, lifute. Kwa balansi zinazofuata sheria, kasi ya kufuta huko imewekewa mpaka wa nusu hatua kwa sekunde. Za bei rahisi hufanya zinavyotaka.

Sasa tazama jinsi mauzo yanavyofanyika. Sahani tupu au karatasi inawekwa, kitufe cha TARE, kile cha kurudisha sifuri, kinabonyezwa, kioo kinasoma 0.00. Mama anafungua karatasi yake na kugonga kwa kidole taratibu, asimwage, na chembe zinadondoka moja moja. Kila chembe ni ndogo kuliko hatua moja ya mashine. Mashine inahisi badiliko dogo, la polepole, karibu na sifuri, na inafanya kile ilichofundishwa: inalifuta. Chembe zinaongezeka kwenye sahani, macho yanaziona, kioo bado kinasema 0.00. Baadaye lundo la mwisho linamwagwa kwa mkupuo na tarakimu zinaruka, lakini zile chembe za mwanzo zimekwisha kumezwa. Uangalifu wa mama umemgharimu.

Kulizuia ni rahisi mno. Weka kikombe kitupu juu ya balansi, bonyeza TARE, kisha kiondoe; kioo kitaonyesha namba hasi. Mwaga vumbi lote ndani yake nje ya balansi. Kisha rudisha kikombe kwa mkupuo, na mashine italazimika kuhesabu mzigo wote kwa pamoja.

Tatizo hilihili linajulikana vizuri mbali sana na Kivu, kwa watu wenye kazi tofauti kabisa. Marekani kuna wawindaji na walenga shabaha wanaojijazia risasi za bunduki zao wenyewe, nao hupima baruti kwa greni, kipimo cha zamani ambacho ni gramu 0.0648. Wengi wao wameacha mizani ya mkono na kununua mashine ya umeme inayomwaga baruti na kuipima yenyewe. Mashine nyingi za namna hiyo hutangaza usahihi wa greni 0.1, yaani takriban miligramu 6.5. Kinachonivutia ni kwamba wenye kutafuta usahihi mkubwa waligundua kuwa sehemu ya kumwaga haikuwa shida. Shida ilikuwa kihisi cha chini, kile cha alumini inayopinda, pamoja na ile tabia ya kumeza chembe zinazodondoka polepole. Wengine walirudi nyuma, wakanunua balansi ya maabara yenye sumaku na kuitafutia kimwagio pembeni. Hata wao mwisho wa yote walilipia kihisi.

Kitufe kingine cha kuchunga ni kile cha vipimo, MODE au UNIT. Balansi ya mfukoni inaweza kusoma gramu, wakia, karati, greni, na kipimo kinachoandikwa dwt, ambacho ni gramu 1.555. Dhahabu ya gramu 10 ikiwekwa kwenye balansi iliyobadilishwa kuwa dwt itasoma 6.43. Asiyezitazama herufi ndogo pembeni ya tarakimu atapoteza zaidi ya theluthi ya mali yake huku akisoma namba ya kweli kabisa. Herufi unayoitafuta ni g peke yake, si gn, ambayo ni greni.

Mazingira nayo yanasema, ingawa hapa sitakawia. Feni, mlango wazi na pumzi ya anayeinama kusoma vinatosha kusogeza tarakimu ya pili. Simu iliyowekwa kando ya balansi inaweza kuivuruga inapoita. Meza ya mbao inayocheza lori linapopita ni adui. Balansi iliyotoka kwenye gari lililoanikwa juani iachwe ipoe, na ile nzuri iachwe ikiwaka nusu saa kabla ya kazi. Betri ikikaribia kwisha, tarakimu huanza kutambaa. Vifuko vya plastiki wakati wa kiangazi hubeba umeme tuli unaovuta sahani. Karatasi ni bora.

Kisha kuna ubora wa dhahabu, ambao ni mjadala mwingine, ila balansi nzuri inaingia humo pia. Dhahabu safi ni nzito mara 19.3 kuliko maji. Pima kipande hewani, kisha kipime kikining'inia ndani ya maji. Kipande cha gramu 50 cha dhahabu safi kitapungua gramu 2.59 majini. Kikipungua 2.90, uzito wake ni mara 17.2 tu ya maji, na kama kilichochanganyika ni fedha, dhahabu iliyomo ni kama asilimia 86. Mashine ikikosea gramu 0.05 tu hapo, jibu linasogea kwa zaidi ya asilimia mbili. Kwa vumbi lenye mchanga na hewa katikati ya chembe njia hii haifai; ni ya kipande kilichoyeyushwa. Wala haimkamati mtu aliyeficha tungsteni ndani, maana tungsteni ina uzito wa mara 19.25 ya maji.

Kwa ushirika wa wachimbaji au kikundi cha wamama wanaotaka kununua balansi yao, ushauri wangu ni kutonunua tarakimu. Chukueni ya hatua ya gramu 0.01, yenye kibandiko cha d na e, yenye kioo cha kuzuia upepo na kipovu cha kuonyesha kama imelala sawa. Pesa iliyobaki iende kwenye mawe mawili ya M1, moja la gramu 100 na moja la gramu 10, ndani ya kasha lake, litunzwe na mtu mmoja anayeaminika. Ikibidi kuchagua, ningenunua jiwe kabla ya balansi, kwa sababu jiwe lenu linaweza kuipima balansi ya kila mnunuzi mtakayeingia kwake.

Na asiye na jiwe bado ana kitu. Noti ya dola ya Marekani ina uzito wa takriban gramu 1, ya dola moja sawa na ya mia. Noti kumi safi zinakaribia gramu 10. Noti safi hazikosekani mkononi mwa mnunuzi. Jaribio hilo halitakamata kosa la asilimia moja, lakini litamkamata anayekata tano au kumi.

Mbele ya mnunuzi, mambo yafuatane hivi. Soma herufi g. Omba kuweka jiwe lako kabla ya dhahabu: «Papa, naomba nipime kwanza jiwe langu.» Mnunuzi anayekataa ombi hilo ameshakujibu. Mwaga dhahabu kwenye kikombe nje ya balansi, kirudishe kwa mkupuo, soma. Kisha weka jiwe tena, kwa sababu balansi iliyokuwa sawa mwanzoni inaweza kuwa imetambaa wakati mnazungumza bei. Jibu la pili likitofautiana na la kwanza kwa zaidi ya gramu 0.02, pimeni upya kabla pesa haijahesabiwa.